Masaa matatu Trondheim, meli ikiwa gatini

Meli za njia ya pwani ya Norwei zikirudi kusini, kutoka Kirkenes kwenda Bergen, hutia gati Trondheim saa 12:30 asubuhi na kuondoka saa 3:30. Ndivyo ratiba ya miaka ya karibuni inavyosema, ingawa ni vizuri kuangalia tena ile ya tarehe yako. Katika njia yenye bandari 34, ambako vituo vingi ni vya robo saa au nusu saa tu, masaa matatu ni mali. Ndiyo maana abiria wengi huamka siku hiyo na orodha ndefu: kanisa kuu, daraja la kale, ngome, makumbusho, kahawa, zawadi za watoto. Wanarudi melini mbio, jasho chini ya koti, na hakuna hata kimoja walichokiona sawasawa.

Ninachoshauri ni hiki: anza kuhesabu kutoka mwisho, yaani kutoka dakika ambayo meli inaondoka, ukirudi nyuma. Ukishajua kilichobaki mkononi, chagua mzunguko mmoja wa miguu na uufuate. Mzunguko ninaoutetea hapa unatoka gatini, unapita mtaa wa Munkegata hadi kanisa kuu la Nidaros, unakwenda kwenye daraja la kale, kisha unarudi kwa kufuata mto. Ni kilomita tano hivi, hauna mlima, na unapitia mambo mawili ambayo mji huu unayo na bandari nyingine za njia hii hazina.

Hesabu ya dakika

Saa 12:30 ni saa ya meli kufika, si saa ya mguu wako kukanyaga nchi kavu. Baharia anarusha kwanza kamba nyembamba yenye uzito kichwani, watu wa gatini wanaivuta mpaka kamba nene ifike, wanaivisha kwenye kigingi cha chuma, na mashine iliyo melini inaikaza. Hivyo hivyo mbele na nyuma. Meli ikishatulia ndipo ngazi ya abiria inapotolewa na kukaguliwa, na wakati huo huo mlango wa shehena unafunguliwa ubavuni na foklifti zinaanza kuingia na kutoka. Weka dakika 15 kwa shughuli hiyo yote.

Upande wa pili, uwe umerudi melini dakika 15 kabla ya kuondoka. Ngazi huondolewa kabla ya dakika iliyoandikwa, kwa sababu kamba nazo zinahitaji muda wa kufunguliwa, na nahodha anataka meli iwe inasogea saa 3:30, si ianze kujiandaa wakati huo. Kwa hiyo muda wako halisi ni kuanzia 12:45 mpaka 3:15, masaa mawili na nusu. Mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida anatumia kama dakika 70 kuumaliza mzunguko bila kusimama. Zinabaki 80 za kutazama, kupiga picha na kupumua. Ni nyingi, mradi usiongeze kitu.

Halafu kuna kuchelewa. Usiku wa kuamkia Trondheim meli inapita Folda, kipande cha bahari kilicho wazi kusini mwa Rørvik, ambako hakuna visiwa vya kuikinga na mawimbi ya magharibi. Upepo ukiwa mkali nahodha hupunguza mwendo, na meli inaweza kufika nusu saa au zaidi nje ya ratiba. Wengi hudhani kuondoka nako kutasogezwa mbele kwa kiasi kilekile. Sivyo. Kituo kirefu kama hiki ndipo ratiba inapofidiwa: kama shehena imekamilika, meli huondoka saa ileile au karibu nayo, na dakika zilizoliwa na bahari zinakatwa kwenye matembezi yako. Basi kabla ya kushuka soma saa ya kuondoka iliyoandikwa mlangoni asubuhi hiyo, hata kama uliisoma jana yake. Na kama tangazo limesema jambo usilolielewa, uliza hapohapo ngazini.

Saa tatu na nusu ni ipi?

Kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, hapa pana mtego wa kweli. Kwenye skrini ya mlangoni kutakuwa na 09:30. Macho yakiwa bado na usingizi, ukaisoma kama saa tisa na nusu kisha ukaanza kubadilisha huku unatembea, unaweza kukosea kwa masaa sita bila kugundua. Andika kwenye karatasi au nyuma ya mkono: "09:30 = tatu na nusu asubuhi". Andika pia saa ya kugeuka, nitakayoitaja chini.

Mtego wa pili ni wa Kinorwei chenyewe. Mnorwei akikwambia meli inaondoka "halv ti", neno kwa neno ni nusu ya kumi, lakini maana yake ni nusu saa kabla ya saa kumi ya saa zao, yaani 09:30. Anayeitafsiri kama kumi na nusu atafika gatini saa nzima baada ya meli kuondoka. Usikubali saa ya kusikia kwa mdomo. Omba uonyeshwe tarakimu.

Mtego wa tatu ni jua. Hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya jua linalochomoza saa 12 mwaka mzima. Trondheim iko karibu latitudo 63 kaskazini, na huko jua halifuati utaratibu huo. Mwishoni mwa Juni linachomoza saa 9 usiku, kwa hiyo unaposhuka saa 12:45 ni mchana mweupe. Mwishoni mwa Desemba linachomoza saa 4 asubuhi, meli ikiwa imeshaondoka, na matembezi yako karibu yote yatakuwa ya gizani chini ya taa za barabarani. Usikadirie muda kwa kutazama mbingu. Vaa saa.

Simu ikiwa imebaki kwenye saa za Afrika Mashariki, itakuwa mbele kwa masaa mawili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa kiangazi, kwani Norwei husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kosa hilo halitakufanya uachwe, ila utarudi melini mapema mno na kupoteza matembezi bure.

Usiku wa kabla

Maandalizi yote yafanyike kabla ya kulala. Viatu, koti, kofia na glovu viwe pamoja mlangoni. Kadi ya meli iwe mfuko wa ndani wenye zipu. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, na ndiyo inayosomwa na mashine ngazini unapotoka na unaporudi. Kwa hiyo meli inajua nani yuko nje. Usimpe mwenzako akupitishie, na usipite pembeni ya mashine kwa sababu foleni ni ndefu. Ukitoka bila kusomwa, kompyuta inaamini uko ndani, na hakuna atakayekutafuta dakika kumi kabla ya kuondoka.

Piga picha ya ratiba, namba ya simu ya mapokezi ya meli na ramani ya mji. Chukua kitambulisho na kadi ya benki. Fedha taslimu karibu huna kazi nazo, maana mji mzima unalipwa kwa kadi. Dawa unazotumia kila siku, chukua dozi ya siku nzima hata kama unakwenda masaa mawili. Likitokea la kutokea, chumba chako kitakuwa kinaelea kuelekea Kristiansund, bandari inayofuata.

Kuhusu kifungua kinywa, uliza jioni kinaanza saa ngapi na kinaisha saa ngapi. Ninaona ni afadhali kutoka na chai na kipande cha mkate tumboni, kisha kula vizuri ukirudi. Anayekaa mezani mpaka saa 1:30 amekwisha kula nusu ya mji.

Kama unaamka mapema zaidi, panda sitaha ya juu kabla meli haijafika gatini. Kisiwa kidogo chenye ukuta wa mviringo kinachopita karibu ni Munkholmen. Pamekuwa mahali pa kunyongea watu, kisha monasteri, kisha ngome na gereza; waziri wa Denmark na Norwei, Peder Griffenfeld, alifungwa huko kuanzia 1680 hadi 1698. Ukikiona kutoka melini inatosha. Hakimo katika mpango wa asubuhi hii.

Kutoka gatini hadi kanisani

Meli hutia gati eneo la Brattøra, kwenye gati linaloitwa Pir 1. Ukitua chini, simama kidogo, geuka, uitazame meli yako na kilicho jirani nayo. Alama nzuri ya kurudia ni Rockheim, makumbusho ya muziki yaliyo ndani ya ghala la zamani la nafaka, lenye sanduku kubwa la taa juu ya paa. Gizani linang'aa kwa rangi na huonekana kwa mbali. Angalia pia jina la meli. Meli za njia hii zinaendeshwa na kampuni mbili tangu 2021, na wakati mwingine bandarini kunakuwa na chombo kingine kikubwa. Anayerudi mbio na macho yenye machozi ya upepo anaweza kuelekea ngazi isiyo yake.

Kati ya bandari na mji kuna vizuizi viwili: reli, na mfereji. Hapa ndipo wageni wanapopoteza dakika. Kwenye ramani mji unaonekana uko mbele ya pua, lakini huwezi kukata moja kwa moja. Reli inavukwa kwa daraja la juu au kwa kupitia eneo la stesheni kuu, kisha mfereji unavukwa kwa daraja lililo mbele ya stesheni. Fuata alama za stesheni kwanza, usifuate minara ya kanisa. Kutoka ngazini mpaka ng'ambo ya mfereji ni kama dakika 12. Kumbuka njia hiyo, kwani ndiyo shingo ya chupa utakayorudi nayo. Kama unahitaji choo, fikiria stesheni sasa, maana saa hizo milango mingi ya mjini bado imefungwa.

Ukishavuka uko Midtbyen, katikati ya mji, ambayo imezungukwa na mto Nidelva karibu pande zote kama rasi. Tafuta Munkegata. Ni mtaa mpana mno kwa mji wa nyumba za mbao, na upana huo una sababu. Mwaka 1681 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na mhandisi wa kijeshi Johan Caspar de Cicignon akapewa kazi ya kuupanga upya. Alichora mitaa mipana iliyonyooka ili moto usiruke kutoka paa hadi paa. Munkegata aliulenga: ukisimama katikati yake, kusini unaona kanisa kuu, kaskazini unakiona kisiwa cha Munkholmen. Kwa mgeni mwenye haraka huo ni msaada mkubwa, kwa sababu ukishaingia Munkegata huwezi kupotea.

Utapita Stiftsgården, jumba kubwa la mbao lililojengwa miaka ya 1774 hadi 1778, ambalo leo ni makazi ya mfalme anapokuwa mjini. Usisimame zaidi ya dakika mbili. Mbele yake ni uwanja wa Torvet, na katikati nguzo ndefu yenye sanamu ya mfalme Olav Tryggvason, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mji mwaka 997. Nguzo na sanamu kwa pamoja zina mita 18, na kivuli chake kimefanywa mkono wa saa ya jua iliyochorwa kwenye sakafu ya uwanja. Asubuhi ya kiangazi kivuli kinalala kuelekea magharibi, kirefu kupita kiasi. Kutoka hapo kanisani ni dakika tano. Jumla kutoka gatini: dakika 25 hadi 30.

Kanisa kuu la Nidaros kwa nje

Kwa asubuhi ya meli inayoelekea kusini, jipange kuliona kanisa kwa nje tu. Mara nyingi wageni hawaruhusiwi kuingia kabla ya saa 3, na saa 3 wewe unatakiwa uwe unakaribia stesheni. Wapo wanaosubiri mlangoni "dakika tano tu". Hao ndio wanaoachwa.

Nje kunatosha. Ujenzi ulianza mwaka 1070 juu ya kaburi la mfalme Olav Haraldsson, aliyeuawa vitani Stiklestad mwaka 1030 na baadaye kutangazwa mtakatifu, na kanisa likakamilika karibu mwaka 1300. Kisha likaungua mara kwa mara: 1328, 1432, 1531, 1708, 1719. Ukarabati mkubwa ulianza mwaka 1869, na karakana ya mafundi mawe iliyoanzishwa wakati huo ingali inafanya kazi hadi leo.

Wengi husimama mbele ya uso wa magharibi, ule wenye safu kwa safu za sanamu ndani ya vishubaka na dirisha kubwa la duara. Unastahili. Lakini jua la asubuhi liko upande wa pili, kwa hiyo uso huo uko kivulini na anga nyuma yake ni jeupe. Picha ukiipiga bila kurekebisha, sanamu zinakuwa nyeusi tii. Gusa sehemu ya sanamu kwenye skrini ya simu ili kamera ipime mwanga wa hapo, ukubali anga ipauke. Siku ya mawingu ni nzuri zaidi: mwanga unasambaa na kila uso wa jiwe unasomeka. Kwa juu kabisa, kwenye mnara wa kaskazini-magharibi, yuko malaika mkuu Mikaeli aliyechongwa na Kristofer Leirdal mwaka 1969. Mchongaji alichukua sura ya Bob Dylan. Bila darubini ndogo au lenzi ndefu hutauona uso.

Usiishie hapo. Zunguka mpaka upande wa mashariki, nyuma ya altare, ambako kuna sehemu yenye pembe nane iliyojengwa juu ya mahali pa kaburi la mtakatifu. Huko ndiko jua la asubuhi linakopiga. Sogea karibu na ukuta kiasi cha kuweza kuugusa. Utaona jiwe la kijani-kijivu, laini kwa macho, la jamii ileile ya mawe ya sabuni tunayoyajua. Fundi huweza kulichonga kwa patasi mpaka mshipa wa jani uonekane. Tazama viungo: jiwe jipya lina kingo kali na rangi sawa, jiwe la zamani lina kingo zilizolika na weusi kwenye mikunjo ambako mvua haifiki kuosha. Kipande kimoja cha ukuta, upana wa mikono miwili, kinakuonyesha karne kadhaa zikiwa zimeshonwa pamoja. Mpe kanisa dakika 30, ishirini kati ya hizo upande huu.

Daraja na maghala

Kutoka kanisani shika mtaa wa Bispegata kwenda mashariki, dakika tano, utakutana na Gamle Bybro, Daraja la Kale la Mji. La kwanza lilijengwa baada ya moto ule wa 1681. Hili la sasa ni la 1861, lenye milango miwili ya mbao nyekundu iliyochongwa. Simama katikati, upande wa kaskazini, utazame mto unakoelekea baharini. Kushoto na kulia yamejipanga maghala ya mbao, mekundu, ya njano, ya kijani, yakiwa yamesimama juu ya nguzo ndani ya maji. Zamani mashua zilikuja mpaka chini yake na mzigo ukavutwa juu kwa kamba hadi dari. Asubuhi jua linatoka mashariki, kwa hiyo maghala ya kushoto, yenye migongo upande wa mtaa wa Kjøpmannsgata, ndiyo yanayowaka. Kamera ielekezwe huko.

Maji ya hapa yanajaa na kupwa, kwa sababu mto uko karibu na fiyodi, mkono mrefu wa bahari unaoingia bara. Tofauti ni kama mita mbili, na huzidi wakati wa bamvua. Ukifika maji yakiwa yamekupwa, angalia nguzo za maghala: chini kabisa, zinakokaa majini daima, mbao bado ni nene, juu, zinakokaa kavu, nazo ni nzima, katikati, kwenye mkanda unaolowa na kukauka kila siku, zimeliwa na kuwa nyembamba kama kiuno. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji na hewa kwa pamoja, na ni mkanda huo tu unaowapa vyote viwili. Maji yakiwa yamejaa huoni kitu ila nyumba zinazoelea, na picha yake kwenye maji ndiyo nzuri zaidi siku isiyo na upepo. Ratiba ya maji iangalie jioni yake kwenye simu ujue utakuta nini.

Ng'ambo ya daraja ni Bakklandet, mtaa wa nyumba fupi za mbao zilizokuwa za wafanyakazi, ulioponea chupuchupu kubomolewa kupisha barabara kubwa mpaka wakazi walipopinga. Mwanzoni mwa kilima kuna kifaa cha pekee: lifti ya baiskeli, iliyowekwa mwaka 1993, yenye urefu wa mita 130. Mwendesha baiskeli anabaki kwenye kiti, anaweka mguu wa kulia juu ya kibati kinachochomoza kwenye mfereji wa chuma, na kibati kinamsukuma kupanda. Kosa la wageni ni kukunja goti au kuegemea nyuma. Mguu lazima unyooke na uzito uwe juu yake, la sivyo kibati kinakuponyoka na unabaki kando ya mlima.

Ngome ya Kristiansten iko juu ya kilima hichohicho, dakika 15 za kupanda. Inavutia, na mandhari yake ni mapana. Siishauri kwa kituo hiki. Kupanda na kushuka ni nusu saa, ukiongeza kuzunguka ni dakika 45, na zote zitatoka kwenye akiba yako ya kurudi. Kama umeshafika Trondheim mara nyingine na kanisa umeliona, hapo sawa: acha kanisa, nenda ngome. Zote mbili, hapana.

Saa ya kugeuka

Saa 2:40 asubuhi, popote ulipo, geuza uso kuelekea bandarini. Kutoka darajani hadi ngazini ni dakika 25 hadi 30, kwa hiyo utafika karibu saa 3:10. Shika Kjøpmannsgata, mto ukiwa mkono wa kulia, mpaka karibu na mwisho wake. Pinda kushoto ufuate mfereji, vuka kuelekea stesheni, kisha reli, kisha gati. Kosa la kawaida ni kuendelea na mto mpaka mwisho ukitumaini kutokea bandarini: utajikuta upande wa maji unaitazama meli yako kwa macho bila njia ya kuifikia.

Wakati wa baridi badilisha saa ya kugeuka iwe 2:25. Njia za miguu humwagiwa kokoto ndogo, lakini barafu iliyoyeyuka mchana na kuganda tena usiku inakuwa kioo cheusi ambacho taa haziionyeshi, hasa kwenye mbao za daraja na mawe ya Bakklandet. Vaa vyuma vya kushika barafu chini ya viatu, vile vya mpira vinavyovutwa juu ya soli, na uvivue unapoingia ndani ya jengo au melini, kwani kwenye sakafu laini vinateleza kuliko soli tupu. Tembea kwa hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Na ngazi ya meli yenyewe usiidharau: maji yakipanda au kushuka mwinamo wake hubadilika, na iliyokuwa tambarare saa 12:45 inaweza kuwa na mteremko unaporudi.

Jumapili maduka karibu yote yamefungwa kwa sheria, kwa hiyo usiweke tumaini la kununua glovu ulizosahau. Mabasi ya mji yako chini ya AtB, kampuni ya usafiri wa umma, na tiketi hununuliwa kwa programu ya simu. Iweke kwenye simu usiku, si ukiwa kituoni unatetemeka. Kwa mtu ambaye miguu inamsumbua, basi au teksi mpaka kanisani na kurudi kwa miguu kwa kufuata mto ni mpango mzuri. Teksi ya asubuhi hiyo agiza kupitia mapokezi ya meli, usitegemee kuikuta gatini.

Meli ikiondoka bila wewe, usipige kelele gatini. Piga simu mapokezi ya meli mara moja, useme uko salama na uko wapi. Kituo kinachofuata ni Kristiansund, ambako meli hufika alasiri, karibu saa 10:30. Kwa barabara ni kama kilomita 200, pamoja na kivuko kimoja njiani ukipita barabara kuu ya E39, hivyo mtu aliyeachwa asubuhi ana nafasi ya kuiwahi kwa basi au gari, kwa gharama yake mwenyewe. Usiamue kukaa usubiri meli ya kesho: itakuja kweli, kwa kuwa kuna safari kila siku, lakini nafasi yako na mizigo yako viko kwenye ile iliyoondoka.

Kwa walio kwenye safari ya kwenda kaskazini

Mkielekea Kirkenes mambo yanageuka. Meli hufika Trondheim saa 3:45 asubuhi na kuondoka saa 6:45 mchana, urefu uleule wa muda, lakini milango iko wazi. Hapo nenda kanisani kwanza moja kwa moja, ingia ndani, kaa dakika 40, na ulipunguze daraja liwe la dakika kumi. Usitegemee picha ya maghala ya kushoto yakiwaka, kwa maana jua limeshazunguka kusini. Kuachwa hapa ni kubaya zaidi, kwa sababu kituo kinachofuata ni Rørvik, usiku, na barabara ya kwenda huko ni ndefu.

Ni kutoka bandari hii kwamba nahodha Richard With aliondoka na meli ya mvuke Vesteraalen tarehe 2 Julai 1893, akafika Hammerfest baada ya masaa 67, na njia hii ikaanza. Alichowaahidi watu wa pwani ni meli inayofika na kuondoka kwa saa inayojulikana, usiku na mchana, kiangazi na wakati wa baridi. Saa 3:15 utasikia mlango wa shehena ukifungwa ubavuni, mlio mzito wa chuma. Ukiusikia ukiwa bado gatini, ongeza mwendo, toa kadi mfukoni kabla hujafika ngazini, na uiweke kwenye mashine wewe mwenyewe.